Kabla kijana hajaweka Linux, hesabuni vyumba vya diski

Katika familia nyingi za Ukonga, kuanzia Banana hadi Mombasa na kuendelea mpaka Gongo la Mboto, kompyuta ya nyumbani ni moja, na mara nyingi ni ya mtumba kutoka Kariakoo. Kila mtu ana chake humo. Baba ana hesabu za duka, mama ana daftari la kikoba, watoto wana kazi za shule, na picha za harusi na misiba ya miaka mingi zimo humo humo.

Siku moja kijana anayesoma kompyuta chuoni anaomba ruhusa ya kuweka mfumo endeshi wa pili, Linux, pembeni ya Windows. Mzazi ana swali moja tu: vitu vyetu vitabaki?

Ombi la kijana si la ajabu. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017. Linux kama Ubuntu au Mint ni ya bure na inaweza kuipa mashine hiyo miaka mingine ya kazi. Wala si ngeni hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

Mifumo miwili inaweza kukaa kwenye diski moja bila ugomvi. Ukiwasha kompyuta inakuletea orodha, unachagua unaoutaka. Shida iko kwenye vyumba.

Hati yenye mistari minne

Diski hugawanywa katika sehemu ambazo mafundi huziita patisheni. Kompyuta za zamani hutumia utaratibu wa kugawa uitwao MBR, ulioanza mwaka 1983 na PC DOS 2.0. Ni kama hati ya nyumba yenye mistari minne tu ya kuandika vyumba. Chumba cha tano hakiandikiki, hata kama kiwanja ni kikubwa.

Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 7 zilikuja mistari yote minne imejaa: kipande kidogo cha kuwashia, C yenyewe, kipande cha kurudishia Windows, na kipande cha zana za kampuni iliyotengeneza mashine. Kijana anapunguza C, anapata gigabaiti 60 za wazi, lakini akianza kuweka Ubuntu anaambiwa nafasi hiyo haitumiki. Haelewi kwa nini, naye anaanza kubahatisha.

Hapo ndipo familia hupoteza vitu. Katika hatua za kuweka Linux kuna chaguo la kufuta diski nzima. Ni rahisi kulibonyeza, na likishathibitishwa, picha na hesabu zote zimekwenda. Mtego mwingine uko ndani ya Windows. Ukilazimisha patisheni ya tano, inakuomba ruhusa ya kuigeuza diski kuwa ya aina iitwayo dynamic. Usikubali. Linux haitawekwa vizuri juu yake, na kuirudisha ilivyokuwa bila kufuta vilivyomo ni kazi ngumu.

Fanyeni hivi

Kwanza, nakala. Nakilini picha, hesabu na nyaraka kwenye diski ya nje au flashi, kisha zifungueni kwenye kompyuta nyingine mwone kama kweli zinafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa msiihesabu.

Pili, hesabuni vyumba. Bonyezeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagueni Disk Management. Kisha bonyezeni kulia juu ya Disk 0, fungueni Properties, halafu Volumes, msome kama imeandikwa MBR au GPT. Kompyuta nyingi zilizokuja na Windows 8 au ya baadaye zina GPT, ambayo kwa kawaida ina nafasi ya patisheni 128. Huko uhaba wa vyumba haupo. Angalieni tu kama diski imefungwa kwa BitLocker, na kama imefungwa, andikeni pembeni ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote.

Kama ni MBR na vyumba vinne vimejaa, kimoja lazima kitoke. Mara nyingi kinachofaa kutoka ni kile cha zana za kampuni. Kile cha kurudishia Windows kisiguswe mpaka mmetengeneza flashi ya kuirudishia. Mkiwa na D, inaweza kutoka baada ya vilivyomo kuhamishwa.

Mstari uliobaki wazi mnautumia kuandika patisheni pana, yaani chumba kimoja kikubwa kinachoweza kugawanywa ndani kwa ndani. Linux inakubali kukaa katika vyumba hivyo vya ndani. Kumbukeni kwamba patisheni pana ni eneo moja lililoshikana, kwa hiyo nafasi ya chumba kilichotolewa itaungana na ile iliyopunguzwa kutoka C pale tu zinapokuwa jirani. Ubuntu inahitaji angalau gigabaiti 25, na patisheni moja inaitosha.

Tatu, C ipunguzwe kwa kutumia Windows yenyewe, na Windows izimwe kabisa kabla ya kuanza, isiwe imelala. Kompyuta iwe na betri yenye chaji inayoshika. Umeme ukikatika katikati ya kusogeza patisheni, vilivyomo vinaweza kuharibika.

Kwa fundi pia

Wengi watampelekea fundi. Tatizo ni kwamba mafundi wengine, wakikuta vyumba vimejaa, huona njia ya mkato ni kupiga Windows upya kwenye diski nzima. Muulizeni kabla hamjamwachia mashine: diski ni MBR au GPT? Utatoa patisheni ipi? Vitu vyetu vitakuwa wapi wakati unafanya kazi? Asiyeweza kujibu matatu hayo msimwachie.

Kama diski ni ndogo na imejaa, si lazima kugawa chochote. Ubuntu na Mint huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na kijana anaweza kujifunzia hapo bila kuandika kitu kwenye diski ya familia, ili mradi asibonyeze alama ya kuweka mfumo. Ni polepole kidogo, lakini inatosha kwa wiki za mwanzo.

Kwa hiyo mzazi, usimkatalie. Mwambie Jumamosi ni ya kutoa nakala, nyote mkiwa mezani mkikagua kilicho chenu. Jumapili aiweke Linux yake.