Benchi la miche ndani ya nyumba: taa mbili tu zinatosha

Kijana mwenzangu, mbegu chotara ya hoho inauzwa kwa kuhesabu punje. Kila mche unaokufa ni hela. Juni na Julai hapa Njombe, nje baridi inaudumaza, ndani hakuna mwanga wa kutosha. Mimi nashauri hivi: piga benchi la mbao la futi 4, ning'iniza kwa minyororo taa mbili nyeupe za LED za wati 18. Zikae sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, uzipandishe miche ikikua. Zikiwa mbali inarefuka kama uzi. Ziwake kwa saa 16, zizimwe kwa 8. Umeme hauli hata yuniti moja kwa siku. Kabla ya kupanda shambani, izoeshe nje siku 7, ukianza na jua la asubuhi. Hatua hiyo usiiruke, miche itaungua.