Rasi za Sydney: mwamba unaopigwa na bahari bila kupumzika

Meli inayoingia Sydney, Australia, hupita baina ya rasi mbili za mwamba zinazotazamana: North Head upande wa kaskazini na South Head upande wa kusini. Nyuma yake imejificha bandari yenye kina na utulivu, ambayo ndiyo iliyouzaa mji huo.

Magenge ya North Head hufikia kimo cha karibu mita 80, na kwa mtazamaji ni ukuta usiotikisika. Lakini rasi hizo ni mabaki tu ya nchi kavu iliyowahi kuenea mbali zaidi kuelekea mashariki, na bahari ingali ikiendelea kuzila.

Mchanga uliogeuka mwamba

Mwamba wa Sydney ulianza kama mchanga wa mtoni. Takriban miaka milioni 240 iliyopita, Australia ilikuwa bado imeungana na Antaktika, Afrika na India katika bara kuu la kusini linaloitwa Gondwana. Mto mkubwa ulimwaga mchanga katika eneo hilo, tabaka juu ya tabaka, hadi uzito wa matabaka ya juu ukayagandamiza yale ya chini yakawa jiwe.

Ni jiwe hilo la rangi ya manjano ambalo limejenga majengo mengi ya kale ya mji huo. Chini yake yamo matabaka ya udongo uliogandamana, ambayo ni laini zaidi. Tofauti hiyo ya ugumu ndiyo inayoamua wapi bahari itapenya kwa urahisi na wapi itapata upinzani.

Mabonde yaliyomezwa

Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa katika barafu, na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko sasa. Palipo na bandari leo palikuwa na bonde refu lililochongwa na mto, na wenyeji wa asili wa Australia walikuwa tayari wakiishi katika nchi hiyo.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda hadi kukaribia kiwango cha leo miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Mabonde yakajaa maji, na miinuko iliyoyatenganisha ikabaki ikichomoza baharini. Hizo ndizo rasi. North Head yenyewe iliunganishwa na bara kwa mchanga ulioletwa na mawimbi, na juu ya mchanga huo umejengwa mtaa wa Manly.

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia inayofanana na hiyo. Bandari za Kilindini na Dar es Salaam nazo ni mabonde yaliyomezwa na bahari, ila huko mwamba ni wa matumbawe.

Kwa nini rasi hupigwa zaidi

Wimbi linapokaribia nchi kavu, sehemu yake inayofika kwenye maji machache hupunguza mwendo. Kwa kuwa kina hupungua mapema mbele ya rasi, wimbi hupinda na nguvu zake hukusanyika hapo kutoka pande zote mbili. Ndani ya ghuba nguvu hizo hutawanyika, na maji hupata nafasi ya kuutua mchanga. Ndiyo sababu ufukwe mashuhuri wa Bondi umelala baina ya rasi mbili.

Kwenye rasi, maji husukumwa ndani ya nyufa na kuibana hewa iliyomo, hadi nyufa zinapanuka. Tabaka laini huliwa kwanza, na jiwe gumu la juu, likikosa egemeo, huporomoka kwa mapande makubwa. Mapande hayo huikinga rasi kwa muda, kisha nayo husagwa.

Janga la mwaka 1857

Usiku wa tarehe 20 Agosti mwaka 1857, meli ya Dunbar iliyotoka Uingereza ilifika karibu na South Head katika dhoruba na giza. Mnara wa taa wa Macquarie ulikuwapo tangu mwaka 1818, lakini umesimama kusini ya lango lenyewe. Inaaminika kuwa nahodha alilidhania pengo lililo katika magenge, liitwalo The Gap, kuwa ndilo lango la bandari.

Watu 121 walifariki. Aliyenusurika ni mmoja tu, baharia James Johnson, aliyekutwa akiwa hai kwenye ukingo wa mwamba. Mwaka uliofuata mnara wa Hornby ulijengwa katika ncha ya South Head, kuonyesha lango lilipo.

Hatari haijaisha

Leo wanaopoteza maisha chini ya magenge hayo ni pamoja na watu wanaovua kwa mshipi wakiwa wamesimama juu ya miamba, miongoni mwao wahamiaji wengi wasioijua bahari hiyo. Wimbi moja kubwa kuliko mengine linatosha kumzoa mtu. Kwa sheria ya mwaka 2016 ya jimbo la New South Wales, wavuvi hao wanalazimika kuvaa jaketi la kuokolea maisha katika maeneo yaliyotangazwa.

Mjini Mombasa, Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, nayo imekabiliwa na mmomonyoko huo huo, hata katika miaka ya karibuni ikabidi ukuta wa kinga ujengwe upande wa bahari.

Iwe Sydney au Mombasa, watu walijenga minara na ngome kwenye rasi kwa sababu ndipo bahari inapoonekana vyema. Lakini ndipo pia bahari inapopiga kwa nguvu zaidi, na sasa usawa wake unapanda tena kutokana na kuongezeka kwa joto duniani.