Kiwanja cha mtaa hupotea kwenye karatasi kwanza: nani huamua, na wewe uingilie wapi

Karibu kila mtaa hapa Pwani una kisa chake cha kiwanja. Watoto walikuwa wakicheza mpira pale baada ya madrasa, wazee wakiketi chini ya mwarobaini kungoja magharibi. Leo turubai la harusi, kesho la matanga. Siku ya Idd watu wakitandika mikeka na kuswali. Kisha asubuhi moja vikaonekana vigingi vinne vya mpaka. Wiki iliyofuata mabati. Baada ya mabati akaja mlinzi asiyejua hata aliyemwajiri ni nani. Wakaazi walipokimbilia ofisini kuuliza, wakajibiwa kuwa jambo hilo lilishaamuliwa kitambo.

Jibu hilo linauma, lakini mara nyingi ni la kweli. Kiwanja hakipotei siku tingatinga linapoingia. Hupotea miezi, pengine miaka, kabla ya hapo: kwenye ramani isiyokitaja, kwenye bajeti isiyokitengea shilingi, na kwenye kikao cha umma kilichohudhuriwa na watu kumi na wawili. Makala haya yanaeleza maamuzi hayo hufanywa na nani, hufanywa lini, na mwananchi wa kawaida abishe mlango upi.

Mwenye ardhi ni nani?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la bustani za kaunti, fuo za bahari na vifaa vya burudani na michezo. Kwa hivyo bembea za watoto zikivunjika, taa za bustani zikizimika au uwanja wa mpira ukigeuka kidimbwi, mlango wa kwanza kubisha ni wa kaunti.

Lakini kusimamia ni jambo moja, na kumiliki ni jambo jingine. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi ya umma ya aina hii hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakaazi, na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Maana yake gavana si mwenye kiwanja, wala mwakilishi wadi si mwenye kiwanja. Wamewekewa amana, na sote tunajua uzito wa amana.

Ufuo una mambo yake. Eneo lililo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali kuu, ingawa kuusafisha na kuuendesha ufuo ni kazi ya kaunti. Ndiyo sababu mzozo wa njia ya kwenda pwani iliyozibwa kwa ukuta hurushwa kutoka ofisi hadi ofisi kama mpira. Mchanga wenyewe haujauzwa. Kilichofungwa ni njia ya kuufikia. Ukiandika malalamiko, usiulize kuhusu mchanga. Uliza kama ile njia imo kwenye ramani ya upimaji, na kama imo, ni nani aliyeruhusu ukuta.

Kuna pia miradi ambayo kaunti si mwenye kuiamua. Mfano tunaoujua sote ni bustani ya Mama Ngina, Mombasa, pale kwenye mibuyu, madafu na mihogo. Ukarabati uliokamilika 2019, mwaka ambao sherehe za Mashujaa za Oktoba 20 zilifanyika hapo, ulikuwa mradi wa serikali kuu kupitia wizara ya utalii. Mtu aliyekuwa na malalamiko akayapeleka kaunti peke yake alikuwa amebisha mlango usiokuwa na mwenyeji. Kabla ya kulalamika, jua mradi ni wa nani.

Sheria ambayo wengi hawaijui

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inasikika kama sheria ya misitu ya mbali, kumbe inagusa mtaa wako. Inazitaka serikali za kaunti kuanzisha na kutunza bustani za mapumziko kwa ajili ya wakaazi. Inazitaka pia kuhakikisha kuwa kila anayejenga mtaa mpya wa nyumba ametenga angalau asilimia 5 ya ardhi hiyo kwa miti na nafasi ya kijani. Tena inasema bustani ya mapumziko isigeuzwe kwa matumizi mengine kabla ya wakaazi wa eneo hilo kushauriwa.

Hesabu yake ni rahisi. Mwenye kujenga nyumba kwenye ekari 20 anatakiwa aache ekari moja nzima. Ukitembea kwenye mitaa mipya ukaona kuta zimegusana na miti haipo, una haki ya kuuliza kaunti: ile asilimia 5 iko wapi kwenye mchoro uliopitishwa?

Miti nayo ina funzo lake. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa mashambani kaunti ya Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Wenye mashamba walikuwa wameiuza. Kelele zilipopanda, Novemba mwaka huo Rais aliagiza uchunguzi ufanywe. Lakini mbuyu uliochukua mamia ya miaka kukua haurudi ardhini kwa amri ya mtu yeyote. Kelele zilikuja mashimo yamekwisha kuchimbwa.

Bajeti ina kalenda

Hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Wengi wetu tunaikumbuka bajeti ya kaunti mwezi wa Juni, inaposomwa na kupitishwa. Wakati huo chakula kimeshaiva, kinachobaki ni kupakua. Upishi wenyewe unaanza mapema.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1, kaunti hutakiwa kuwasilisha kwa bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia Februari 28 huwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti huwa mezani, na Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kupitisha. Juu ya yote hayo kuna mpango mkuu wa miaka mitano wa kaunti. Uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kiwanja chenu kama hakimo kwenye mpango wa mwaka, usitarajie kukikuta kwenye bajeti.

Na unapokitafuta, tazama sehemu mbili. Fedha za maendeleo hujenga: ukuta, bembea, viti, vyoo. Fedha za matumizi ya kawaida hutunza: maji ya kumwagilia miti, mshahara wa mtunza bustani, rangi, balbu za taa. Bustani nyingi zetu zimefunguliwa kwa ngoma na utepe, na baada ya miaka miwili zimebaki vyuma vyenye kutu, kwa sababu iliwekwa fedha ya kujenga bila fedha ya kutunza. Ndivyo ilivyo hata kwa miche ya miti. Siku ya kupanda kuna kamera. Wakati wa kiangazi hakuna wa kubeba ndoo. Kikao cha umma kikiitishwa, usiseme tu "tunataka bustani". Uliza: nani ataimwagilia, na analipwa kutoka fungu gani?

Hatua za kuchukua kabla ya mabati

Ya kwanza ni kutafuta karatasi. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma kuuliza hali ya kiwanja: kimesajiliwa kwa jina la nani, kina namba gani, kuna ombi lolote la kubadilisha matumizi yake. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo. Ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua bila muhuri ni porojo.

Ya pili ni kuangalia matangazo. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, mwenye kuomba idhini ya kuendeleza ardhi lazima autangazie umma. Tangazo hilo linaweza kuwa dogo gazetini, au kibao kilichofichwa na majani. Mtaa uwe na watu wawili au watatu ambao kazi yao ni kutazama.

Ya tatu ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkaazi haki ya kuwasilisha ombi kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti. Ombi lenye majina, namba za vitambulisho na sahihi za wakaazi lina uzito kuliko video ya dakika mbili iliyosambazwa simuni, ingawa video nayo ina kazi yake.

Ya nne, njia nyingine zikishindikana, ni mahakama. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda kortini kutetea mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Mombasa, ipo pia Malindi.

Msione barua ni kitu kidogo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, alianza kwa kuandika barua, moja baada ya nyingine. Alitukanwa bungeni, lakini jengo halikujengwa. Na ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ardhi ya umma ilituonyesha kinyume chake: viwanja vya michezo na nafasi za wazi zilivyogawiwa watu, nyingi pasipo mtu wa kuuliza kwa wakati.

Na sisi wenyewe

Haki itendeke: si kila uamuzi wa kaunti ni wizi. Kuna mahali uzio ulilinda bustani isigeuke jaa la taka. Kuna mtaa unaohitaji zahanati na hauna ardhi nyingine ila kile kiwanja, na wakaazi wakishauriwa kwa ukweli huenda wakakubali. Na tusijidanganye, mara nyingine mnyakuzi ni sisi. Kibanda kimoja cha chipsi pembeni ya uwanja, kisha cha pili, kisha gereji ya bodaboda, kisha mwenye nyumba ya jirani akasogeza ukuta hatua tatu. Mnyakuzi mkubwa akija husema, "Kwani huu ni uwanja gani?" Na kwa kuutazama tu, huna la kumjibu.

Kwa hivyo jioni ya leo ukipita kiwanjani kwenu, hesabu miti iliyobaki. Muulize mzee aliye barazani mipaka ya zamani ilikuwa wapi, uandike, upige na picha. Kisha wiki hii pelekeni barua moja tu ofisini, ya kuuliza kiwanja kimeandikishwa kwa jina la nani. Jibu likiwa zuri, mtalala usingizi. Likiwa baya, afadhali mlijue sasa, kabla ya vigingi vinne.