Volti Iliyoandikwa na Volti Iliyopo: Ufafanuzi wa Matumizi ya Jenereta ya Mawimbi katika Maabara

Makala haya yanafafanua uendeshaji wa jenereta ya mawimbi, chombo kisichopaswa kuchanganywa na jenereta ya kufua umeme. Hutoa volti inayopanda na kushuka kwa umbo lililochaguliwa: la sine, la mraba, la pembetatu au la meno ya msumeno. Kuchagua umbo na marudio ni kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye ukubwa wa wimbi, nao ndio unaoshughulikiwa hapa.

Tuseme mtafiti ameweka volti 1, kutoka kilele hadi bonde, kisha akaunganisha kebo moja kwa moja na osiloskopu. Osiloskopu inaonyesha volti 2. Mwanafunzi mgeni hudhani kimojawapo ni kibovu, ilhali vyote ni vizima. Kwa kawaida jenereta ya aina hii ina ukinzani wa ndani wa omu 50, na mara nyingi huwashwa ikiwa imepangwa kuchukulia kwamba mzigo nao una omu 50. Katika hali hiyo nusu ya volti ya chanzo huishia ndani ya chombo na nusu hufika kwenye mzigo. Kwa hiyo, ili itoe volti 1, jenereta huzalisha 2. Osiloskopu ya kawaida ina ukinzani wa omu milioni 1. Mkondo unaopita ni hafifu mno, na volti zote 2 hufika.

Kosa hili laweza kuunguza vifaa. Chipu inayohitaji wimbi la mraba la kati ya volti 0 na 3.3 hupokea volti 6.6, kwani volti ya msingi inayoliinua wimbi huongezeka maradufu pia. Ndiyo maana chipu haiunganishwi kabla mawimbi hayajakaguliwa kwa osiloskopu.

Tiba ni mojawapo kati ya mbili: kupanga jenereta ichukulie kuwa mzigo una ukinzani mkubwa, au kufunga kikinzani cha omu 50 mwishoni mwa kebo. Zikifanywa zote mbili kwa pamoja, volti hupungua kwa nusu. Kwa mawimbi ya mraba yenye kingo kali ile ya pili ni bora, kwa kuwa kebo ya omu 50 isiyo na kikinzani hicho hurudisha mwangwi unaopotosha kingo.

Hata hivyo, kubadilisha mpangilio wa mzigo hubadilisha namba ya kwenye kioo tu. Omu 50 za ndani hubaki palepale. Tuchukue kichujio chenye kikinzani cha omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 1. Kwa hesabu, marudio yake ya ukomo ni hezi 1,592 hivi. Mtafiti anayeiamini namba ya kioo na kupima volti ya kutokea peke yake atapata hezi 1,061, pungufu ya theluthi moja, kwa sababu kichujio halisi kina omu 150. Akitumia kikinzani cha omu 10,000 na kapasita ya maikrofaradi 0.01, ukomo wa kinadharia ni uleule lakini kosa halifiki asilimia 1. Huenda mtafiti wa kwanza akailaumu kapasita, na kwa kweli kapasita nyingi zina tofauti kubwa na thamani iliyoandikwa. Lakini hapa haina hatia.

Njia salama ni kupima mahali pawili kwa wakati mmoja: mkondo wa kwanza wa osiloskopu uwe kwenye mlango wa kichujio, wa pili kwenye kitokeo, kisha uwiano utafutwe kutokana na vipimo hivyo. Hapo omu 50 za ndani haziingii tena katika hesabu.

Kwa maoni ya mwandishi, sura ya mbinu inayosema tu kwamba "wimbi la volti 1 lilitumika" haijakamilika. Mtahini ana haki ya kuuliza volti hiyo ilisomwa wapi, mzigo ulikuwa wa omu ngapi, na kama ni ya kilele hadi bonde au ni ile ya wastani wa mraba, ambayo kwa wimbi hilohilo la sine ni 0.354.