Je, Wajua? Hofu Ndiyo Iliyopandisha Riba

Je, wajua kwamba hatifungani za serikali hulipa vizuri zaidi pale watu wanapokuwa na wasiwasi na serikali yenyewe? Mwanzoni mwa 2024, Kenya ilidaiwa Yuroboni (hatifungani ya fedha za kigeni) ya dola bilioni 2 ambayo ingeiva Juni mwaka huo, na wengi walihofia kwamba pesa zingekosekana. Shilingi ilikuwa imeporomoka hadi takriban 160 kwa dola. Februari, Benki Kuu ya Kenya ikauza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Ilitafuta shilingi bilioni 70. Maombi yakapita bilioni 280, kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi.

Aliyenunua hatifungani ya thamani ya shilingi 100,000 alianza kupokea karibu 9,230 kila miezi sita. Kiwango hicho cha riba hakibadiliki hata sera zikigeuka, na hapo ndipo penye raha yake. Kinachoyumba ni bei ya kuiuza: riba mpya zikipanda, hatifungani ya zamani hushuka thamani, zikishuka, hupanda. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilipunguza riba yake mara kadhaa, na karatasi ile ya Februari ikawa mali ya kutamaniwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza riba ni ngapi, jiulize pesa hizo utazihitaji lini. Mwenye karo ya Januari anaweza kulazimika kuuza bei ikiwa chini, akapata hasara ingawa serikali haijakosa kumlipa hata senti.