Mtihani wa Kiingereza: Kiswahili Chako Kinakusaidia Wapi, Kinakuangusha Wapi?



Nilipofika Minneapolis nilijiona mkali wa Kiingereza. Si nimekisoma tangu darasa la kwanza? Kumbe! Baada ya mtihani wa kupimwa kabla ya kuanza chuo, nikapangiwa darasa la maandalizi. Karo unalipa kama kawaida, lakini masomo yake hayahesabiwi kwenye shahada. Muhula mzima ukaenda hivyo.

Basi nikawa nakaa kwenye maktaba ya Franklin hapa Phillips, ile iliyofunguliwa mwaka 1914, nikipitia makosa yangu moja moja. Mengi yalikuwa ya aina mbili, na maswali ya aina hizo yamo kwenye Accuplacer na SAT hadi leo.

Kwanza: kitenzi kinamfuata nani?

Tazama: "The box of mangoes ___ on the table." Ni is au are? Wengi wetu tunaona mangoes tunakimbilia are. Lakini kwa Kiswahili nani atasema "Sanduku la maembe yako mezani"? Tunasema "liko mezani". Hiyo li- inakuonyesha mwenye sentensi: sanduku, tena moja. Jibu ni is. Hapa Kiswahili kinakusaidia.

Ila usikiamini kila mahali. Neno "kuna" halibadiliki: kuna mwanafunzi, kuna wanafunzi. Ndiyo maana tunaandika "There is many students". Kiingereza kinataka "There are many students".

Mtego mwingine ni "pamoja na". Sisi twasema "Juma pamoja na ndugu zake wamefika". Kwenye mtihani ni "Juma, along with his brothers, has arrived". Maneno yaliyo kati ya mikato hiyo miwili hayahesabiwi, Juma yuko peke yake. Ukiweka and, "Juma and his brothers", hapo wamekuwa wengi: have arrived.

Pili: maelezo yanakaa karibu na nani?

Hii ndiyo iliyonimaliza. "Walking down Franklin Avenue, the library came into view." Mimi niliona iko sawa, kwa sababu kichwani nilisikia "Nikitembea Franklin Avenue, maktaba ilionekana". Kwa Kiswahili hakuna tatizo: ni- inasema anayetembea ni mimi. Sasa, walking haina ni-. Kwa hiyo Kiingereza kinampa miguu yule anayetajwa mara tu baada ya mkato, na hapa ni maktaba! Sahihi ni "Walking down Franklin Avenue, I saw the library."

Mfano mwingine: "Nilinunua koti kwa jirani lililokuwa dogo." Lili- inarudi kwenye koti, hata jirani akikaa katikati. Lakini ukiandika "I bought a coat from a neighbor that was too small", jirani ndiye anayekuwa mdogo. That haina ngeli ya kuturudisha kwenye koti. Basi lisogeze: "From a neighbor I bought a coat that was too small."

Siri yenyewe ni hii: Kiswahili hufunga maneno kwa viambishi, Kiingereza huyafunga zaidi kwa mahali yanapokaa. Sisi tumezoea viambishi vitufanyie kazi, ndiyo maana mahali tunapasahau.

Kwa hiyo ukiwa kwenye mtihani:

1. Tafuta kitenzi, uulize: nani au nini?
2. Ruka maneno ya katikati, kama of mangoes au along with his brothers.
3. Sentensi ikianza na maneno kama walking, angalia anayetajwa baada ya mkato. Je, ndiye mtendaji kweli?

Niliporudia mtihani nilipita, na Kiingereza changu cha kuongea kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilijua pa kutazama. Usisubiri kupoteza muhula kama mimi. Kila la heri!