Favre Anaondoka, Favre Anarudi

Machi 2008, kwotabeki Brett Favre aliketi mbele ya waandishi wa habari mjini Green Bay, Marekani, akabubujikwa na machozi. Baada ya misimu 16 na Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya mjini humo, alisema anastaafu. Alikuwa na miaka 38.

Julai akataka kurudi.

Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye hupokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza na kuamua amrushie nani. Akiyumba yeye, timu nzima huyumba. Ndiyo maana hatima ya kwotabeki mkongwe hujadiliwa kutwa kucha, hasa Green Bay, ambako klabu inamilikiwa na wanahisa wa kawaida, wengi wao mashabiki. Wapo waliomtaka Favre wao. Wengine walisema zamu ya msaidizi wake, Aaron Rodgers, aliyesugua benchi miaka mitatu, imefika.

Agosti, Favre akapelekwa timu ya New York Jets. Akastaafu tena Februari 2009, kisha akaibuka na jezi ya Minnesota Vikings, mahasimu wa Packers! Waliomwita mzee wakanywea: msimu huo alirusha pasi 33 za tachidauni, yaani za kufunga, na wapinzani wakanasa pasi zake 7 tu. Aliondoka moja kwa moja mwaka 2011.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya Rodgers kuondoka Green Bay. Naye alihamia Jets, akakatika kano ya kisigino dakika chache tu baada ya mechi yake ya kwanza kuanza. Mwaka 2025, akiwa na miaka 41 na ameshaachana na Jets, aliwasubirisha mashabiki wa Pittsburgh Steelers hadi Juni ndipo akasaini.